Tumbo la Mchele

Kipande hicho cha filamu kimekwisha kuenea katika simu za watu, kuanzia Kyela mjini hadi ng'ambo ya mto Songwe. Binti mwenye sare ya shule na tumbo kubwa anageuka, anajitupia khanga kichwani, kisha anachomoka mbio kati ya mafungu ya ndizi na kutokomea katika mashamba ya kakao. Watu hucheka hadi machozi yakawatoka.

Ninyi mnaocheka, binti yule ni mjukuu wangu, Tusekile. Tumbo lile nililishona mimi. Na alipokimbia hakuwa akiigiza.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana: Mudathiri, mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam, aliingia Ipinda na gari la vyombo vyake ili atengeneze filamu ya kuchekesha juu ya mwanafunzi anayemficha mwalimu mkuu mimba yake. Akampenda Tusekile, ambaye ana umri wa miaka ishirini na uso wa mtoto wa darasa la saba. Nilikataa. Nilimfukuza kwa ufagio. Kisha, kwa sababu nilizozieleza, na ambazo leo naona hazikuwa sababu, nikakubali. Nikavuka hata mpaka wa kukubali: nikakitoa cherehani changu ndani, nikakaa kuwashonea tumbo.

Tumbo la kwanza nililijaza sufi. Tusekile akawa anarukaruka nalo kama mwanambuzi, na Mudathiri akashika kichwa.

"Bibi, huyu ana mimba ya miezi minane! Mbona anatembea kama amebeba mto?"

"Amebeba mto," nikamjibu. "Wewe ulitaka abebe nini?"

Tumbo la pili nililijaza pumba za mpunga. Likamwasha. Katikati ya maneno ya huzuni, kamera ikimtazama, Tusekile alijikuna kwa mikono miwili hadi Khamisi akaangua kicheko na kazi ikasimama.

Khamisi ndiye aliyeigiza kijana aliyempa mwanafunzi mimba. Ni mtoto wa Bi Habiba mwenye duka la vitambaa pale Kyela mjini, watu wa ukoo uliotoka pwani zamani za babu zao. Kijana wa adabu. Hakupata kunipita bila kuniamkia, wala hakupata kuushika mkono wa Tusekile pasipo mwongozaji kumwamuru.

Tumbo la tatu nililijaza mchele. Nilishona mfuko wa kitambaa cha marekani, nikaugawa vyumba vyumba kama godoro ili mchele usiteremke wote upande wa chini. Tusekile alipoufunga, mgongo ulirudi nyuma wenyewe, hatua zikapanuka, mkono ukaenda kiunoni bila kufundishwa.

"Hili sasa ni tumbo!" Mudathiri akapiga makofi.

Baada ya siku chache Tusekile aliniomba niongeze urefu wa mkanda, akasema unambana. Nikauongeza. Nilijisemea kwamba ni wali na nyama za watu wa filamu. Aliniomba tena. Nikauongeza tena.

Liko jambo moja ambalo sikumwambia Mudathiri. Sikulificha. Halikunijia tu kwamba yuko mtu mzima duniani asiyelijua.

Tusekile alikuwa amechumbiwa. Ng'ombe wa mzee Ambilikile wa Ngonga walikuwa zizini kwetu. Mchumba mwenyewe, Anyelwisye, alikuwa amevuka kwenda Malawi kufanya biashara kabla ya mvua za kwanza, na hakuwa amerudi. Tangu siku ng'ombe wale walipoingia zizini, Tusekile na mzee Ambilikile hawakuruhusiwa kuonana.

Ndivyo ilivyo kwetu Wanyakyusa kati ya mkamwana na baba mkwe. Hawasalimiani, hawapiti njia moja. Wakikutana kwa bahati mbaya, binti hujifunika na kukimbilia vichakani, na mzee hugeuka akatazama kwingine. Mimi mwenyewe sikuuona uso wa baba mkwe wangu hadi siku alipolazwa katika jeneza.

Siku ya soko Mudathiri alitafuta watu wa kujaza picha. Aliwachagua kwa macho tu: huyu kwa kofia yake, yule kwa mapengo yake. Miongoni mwao akamchukua mzee mmoja mrefu mwenye koti zito na fimbo nyeusi, akamsimamisha mbele ya fungu la usipa, dagaa wa ziwani, na kumwambia ajifanye anabishania bei.

Mzee alibishana kwa ufundi, hata muuza usipa akakasirika kweli. Baadaye Mudathiri akamwonyesha picha yake katika kioo kidogo kilichofungwa kando ya kamera, mfano wa televisheni.

"Tata! Huyu ni mimi?" mzee akapiga kelele. "Rudisha tena!"

Akarudishiwa. Akacheka hadi fimbo ikamtoka mkononi.

Hayo nilisimuliwa baadaye. Wakati huo nilikuwa nyuma ya kibanda, nikimfunga Tusekile tumbo.

"Anza!" Mudathiri akaita.

Tusekile akatoka. Kazi yake ilikuwa kumwendea mama muuza ndizi na kumwomba embe bichi, jambo ambalo Mudathiri aliliona la kuchekesha sana. Hakufika kwa mama huyo. Aligeuza kichwa, akakutana macho kwa macho na mzee wa koti zito.

Alikuwa mzee Ambilikile.

Mengine mmeyaona katika simu zenu. Khanga, mbio, kakao. Ambalo kamera haikulionyesha ni mzee mwenyewe. Aligeuka kama mila inavyomtaka, akaligeuzia soko mgongo. Lakini alikwisha kuona. Aliliona tumbo la mkamwana wake, na aliujua mwezi ambao mwanawe alivuka mpaka.

"Mkwe!" nikapiga ukelele nikimkimbilia. "Ni mchezo! Ni mchezo wa filamu! Simama!"

Hakusimama. Alipanda pikipiki ya kukodi, koti likipepea, wakashika njia ya Ngonga.

Mudathiri alinijia akicheka meno yote nje. "Bibi, mlipanga lini ile mbio? Sijapata kuona kitu kama kile!"

"Yule ni baba mkwe wake."

"Basi tutamwita, tumweleze, naye acheke."

"Mwanangu," nikamwambia, "funga vyombo vyako uondoke leo."

"Jua linashuka, Bibi. Imebaki picha moja tu, ya nyumbani kwako. Nikiikosa leo nimekosa filamu."

Nilimpigia Ambilikile simu. Iliita, ikakatwa. Nikapiga tena. Ilikuwa imezimwa. Nami, badala ya kumshika Mudathiri ukosi na kumtoa, niliwafungulia lango la ua wangu.

Picha iliyobaki ilikuwa ya kijana kuja kuomba radhi kwa jamaa za msichana. Khamisi alipiga magoti katikati ya ua. Tausi, mwanamke aliyewapamba waigizaji, alimpaka damu ya uongo pembeni mwa mdomo. Damu ile aliipika mwenyewe kwa sukari na rangi nyekundu, na nzi waliipenda kuliko sisi. Tusekile alikuwa chumbani mwangu na tumbo lake, akingoja kuitwa.

"Anza!"

Lango likafunguliwa kwa teke.

Wa kwanza kuingia alikuwa Angetile, mtoto mkubwa wa Ambilikile, mkononi ana panga la kufyekea kakao. Nyuma yake walikuja ndugu zake wawili wenye marungu. Mzee mwenyewe alibaki langoni, ameupa ua mgongo, asije akamwona asiyestahili kumwona.

"Ni nani aliyempa yule binti mimba?" Angetile akauliza.

Kumbukeni kwamba Khamisi alikuwa ndani ya mchezo. Alidhani Mudathiri ameongeza waigizaji ili kumshtua, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi. Akakutanisha viganja, akalegeza sauti, akayasema maneno aliyokuwa ameyakariri juma zima.

"Ni mimi, kaka zangu. Mimi ndiye niliyempa mimba. Nisameheni."

Angetile aligeuza panga, akampiga kwa ubapa wake usoni. Khamisi akaanguka ubavu. Jino likatoka, likabingirika hadi kwenye kinu changu.

"Vizuri!" Mudathiri akanong'ona nyuma ya kamera. "Msikate, msikate!"

Rungu la kwanza likashuka mgongoni. La pili likashuka juu ya mkono ambao Khamisi aliuinua kujikinga. Mlio ulikuwa kama wa ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Kijana wa kunasa sauti, mwenye visikilizio masikioni, alivirusha chini akatapika. Aliusikia mfupa kwa karibu kuliko sisi sote.

Ndipo Tausi akapiga yowe.

"Mudathiri! Hiyo damu si yangu! Hiyo si damu yangu!"

Mpiga taa akakimbia. Mudathiri akaja mbele ameinua mikono, "Jamani, jamani," na rungu likampata begani likamketisha chini kando ya kamera yake. Khamisi alijaribu kutambaa. Angetile alimkanyaga shingoni kwa buti la shamba na kuliweka panga nyuma ya sikio lake, safari hii kwa makali.

"Huyu ndiye ameharibu binti yetu!"

Hata katika saa ile sikio langu lilinasa kosa. Ndiye aliyemharibu. Nilimfundisha darasa la tatu mtu yule, wala hakujifunza.

Nilijitupa juu ya Khamisi. Nina miaka sabini na minane na magoti yasiyonitii, lakini nilijitupa.

"Ambilikile!" nikaita. "Mkwe wangu! Ni mchele! Tumbo uliloliona ni mfuko wa mchele, nimeushona kwa mikono hii!"

Akajibu bila kugeuka. "Mwalimu, mchele hauna aibu ya kuukimbiza."

"Alikukimbia wewe! Ulitaka asimame akupe mkono? Kijana, mwambie!"

"Wallahi, baba," Khamisi akagugumia, mdomo umejaa damu, "ilikuwa filamu. Nilisema ya filamu."

"Amekiri sote tukimsikia," Angetile akasema. "Panga limegusa ngozi ndipo anakumbuka filamu?"

"Nitauleta mfuko wenyewe," nikasema. "Ngojeni hapo hapo."

"Mfuko huletwa na yeyote, Mwalimu," mzee akasema. "Nilichokiona mimi kilikuwa juu ya mwili wa mtu. Mwenye mwili huo na aonyeshe."

"Amwonyeshe nani? Wewe? Unajua kwamba hawezi kusimama mbele yako!"

"Najua."

"Basi unataka nini?"

Fimbo yake ikachimba mchanga wa langoni. "Nataka mwanangu asirudi kutoka Malawi akakuta ng'ombe wake wamemlipia mtoto wa duka."

"Niingie mimi," Angetile akasema. "Mimi si baba mkwe. Nitamtoa, tutamtazama."

Akamkabidhi mdogo wake shingo ya Khamisi, akaelekea mlangoni na panga lake. Nikamtangulia. Nilisimama kizingitini, mkono huku na mkono huku.

"Ondoka, Bibi."

"Nimekuchapa viboko ukiwa na kamasi puani, Angetile. Hutaingia chumbani mwangu na chuma."

Alinisukuma kwa kiwiko kimoja tu. Kisogo changu kilikutana na ukingo wa ngazi, na kwa muda niliuona ua ukizunguka, kuku, kamera, damu, lango. Niliposikia tena, nilimsikia Khamisi akiisoma shahada kwa sauti ya mtu anayejiandaa.

Na nikamsikia Tusekile.

"Mwacheni!"

Alitoka mwenyewe. Alikuwa na sare yake ya filamu, tumbo likiwa mbele, na mkononi ameshika kisu changu cha kumenyea ndizi. Hakujifunika. Alimpita Angetile, akanipita mimi, akaenda hadi katikati ya ua, hatua chache kutoka mahali baba mkwe wake aliposimama.

Mzee Ambilikile alisikia nyayo. Aliuvuta ukosi wa koti lake, akajifunika kichwa kizima, akaugeukia ukuta.

Sasa tazameni msiba wetu ulivyokuwa. Ushahidi ulikuwa unaletwa mbele ya mtu mmoja tu katika ua ule asiyeruhusiwa kuutazama.

Tusekile alipandisha blauzi ya sare kidogo, akachoma kisu katika marekani, akapasua kuanzia juu hadi chini.

Mchele ulimwagika kwa kishindo laini, kama mvua ya ghafla juu ya majani ya migomba. Ulimwagika miguuni pake, ukafika hadi katika damu ya Khamisi ukageuka mwekundu. Kuku wangu, wasio na haya, walikuja mbio kutoka kila upande wakaanza kudonoa.

Ndugu wa rungu akauondoa mguu wake shingoni mwa Khamisi. Angetile alitazama mchele, akatazama kuku, akashusha panga.

"Baba," akasema kwa sauti ya mtoto. "Ni mchele."

Nilikuwa bado nimelala pale ngazini, na macho yangu yalikuwa chini kuliko ya wote. Wao walitazama kinachomwagika. Mimi nilitazama kilichobaki.

Mfuko mtupu uliteleza ukaanguka. Chini yake palikuwa na tumbo jingine. Dogo, la mviringo, gumu, ambalo hakuna cherehani kilicholishona.

Nikaukumbuka mkanda. Nikaukumbuka mara ya kwanza, nikaukumbuka mara ya pili.

Anyelwisye alivuka mpaka kabla ya mvua. Sasa mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, na tumbo lile lilikuwa bado changa. Sihitaji kuwafanyia hesabu.

Khamisi naye, kwa jicho moja lililobaki wazi, aliliona. Nilimtazama usoni kwa makusudi. Mshangao wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Hakuwa yeye. Alikuwa amevunjwa mkono kwa jambo la kweli, ila si lake.

Sijui niliinuka vipi. Nilivua khanga yangu ya mabegani nikamzungushia Tusekile, kama bibi anayemsitiri mjukuu aliyepasua nguo.

"Bibi," akanong'ona.

"Nyamaza."

Kule ukutani, sauti ya mzee ikatoka ndani ya koti.

"Angetile, umeona nini?"

"Mchele, baba. Mchele mtupu."

"Wewe unaona kinachoanguka." Kisha akaniita: "Mwalimu."

"Nipo."

"Ulinifundisha kusoma. Ulinipiga kwa uongo mmoja niliousema juu ya kalamu, na hadi leo alama ninayo. Sijapata kusikia Ipinda nzima mtu akisema kwamba Mwalimu alidanganya. Nitakuuliza mara moja, na jibu lako litanitosha. Mchele umemwagika. Chini ya mchele palikuwa na kitu?"

Panga la Angetile lilikuwa limeshuka, halikuwa limewekwa chini. Khamisi alikuwa miguuni pake, mkono umekaa upande usio wake. Tusekile aliukamata mkono wangu ndani ya khanga, kucha zikaingia.

"Hapakuwa na kitu," nikasema.

Sauti yangu ilitoka safi, kama ninasoma imla.

"Ndaga, Mwalimu, asante," mzee akajibu taratibu. "Ndaga. Angetile, weka panga. Mchukueni huyo kijana apelekwe hospitali, na gharama ni zangu. Mama yake nitamwendea mwenyewe, nitapiga magoti."

Tausi tayari alikuwa amepiga goti kando ya Khamisi, akiufunga mkono kwa ubao na kitambaa. Ndugu wawili waliweka marungu ukutani, wakainama kumwinua yule waliyekuwa wakimuua muda mfupi uliopita. Khamisi alinitazama. Hakusema lolote. Kijana wa adabu, nimekwisha kuwaambia.

Nikavuta pumzi ya kwanza tangu lango lilipopigwa teke.

Hapo Mudathiri akainuka kutoka kando ya kamera yake, bega limeshuka, uso umejaa vumbi, na furaha ya kipumbavu machoni.

"Haikuzimika!" akasema. "Bibi, sikiliza, haikuzimika! Ilikuwa imewaka muda wote, imemtazama Tusekile tu. Tumenasa kila kitu. Mchele, kisu, kila kitu!"

Fimbo nyeusi, iliyokuwa imekwisha kuanza kuondoka, ikasimama.

"Kijana wa Dar es Salaam," mzee Ambilikile akasema, bado akiwa ameupa ua mgongo. "Ile televisheni yako ndogo. Ya kule sokoni, iliyonionyesha mimi na usipa."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mila inanikataza kumtazama mkamwana wangu. Haikunikataza kutazama picha." Akaushusha ukosi wa koti. "Ilete hapa ukutani. Nami niuone huo mchele, nilale vizuri."

"Mkwe," nikasema, "jibu langu si lilikutosha?"

"Limenitosha, Mwalimu. Ni furaha tu ya mzee."

Nilimkonyeza Mudathiri. Nilimkonyeza hadi jicho likauma. Hakuniona. Alikuwa mtu aliyepigwa rungu na kusamehewa ndani ya saa moja, na alichotaka duniani ni kumfurahisha mzee yule. Alikifungua kile kioo kutoka kando ya kamera, waya wake ukiburuta mchangani, akampelekea langoni. Angetile akasogea nyuma ya bega la baba yake ili naye atazame. Alipopita, aliliokota panga lake.

Mzee akatoa miwani mfukoni, akaanza kuifuta kwa pindo la koti.

Mudathiri akarudisha picha nyuma. Kutoka mahali niliposimama niliiona vizuri. Mchele ulipanda kutoka ardhini ukarudi tumboni. Kisu kikaufunga mfuko kilioupasua. Tusekile akarudi kinyumenyume mlangoni, na ua ukabaki mtupu, kama siku ambayo jambo lolote halijatokea.

Mzee Ambilikile akavaa miwani.

"Haya," akasema.

Mudathiri akabonyeza, na picha ikaanza kwenda mbele.